Kibanda cha Kukunja: Kutoka Voi hadi Ruiru na Ngoliba

Nilitoka Voi nikiwa na hasira, na ni vizuri niseme hivyo mapema ili asije mtu akadhani nilikwenda kutembea. Ilikuwa mwaka wa 1998, miezi michache baada ya mvua za El Niño kutuachia barabara ya mashimo. Mimi ni fundi wa turubai. Marehemu mume wangu aliniachia cherehani mbili nzito na banda kando ya barabara kuu, na madereva wengi wa malori wananijua kwa jina la binti yangu, Mama Wakesho.

Barua iliyoniondoa nyumbani ililetwa na dereva. Iliandikwa na Barasa, Mbukusu aliyefanya kazi nami miaka minane kabla hajaoa na kuhamia Thika, kukata maboksi katika kiwanda cha katoni. "Mama," aliandika, "kile kibanda chetu kimeonyeshwa Ruiru na injinia mmoja mwenye karakana. Amesema amekibuni yeye, na wageni wamempigia makofi. Sasa kinapelekwa Ngoliba, akina mama wa kliniki wakae chini yake. Mama, ametumia bawaba za chuma. Kitaumiza mtu."

Lazima nieleze kibanda chenyewe. Miaka kadhaa nyuma, Mjapani mmoja aliyejitolea kufundisha hesabu katika shule ya huku kwetu, Mwalimu Kenji, aliniletea mkoba wake nimshonee. Akingoja, alituona mimi na Barasa tukipigana na turubai la trela, tukijaribu kulikunja. Akachana karatasi kwenye daftari, akaikunja kwa mistari ya kupinda, mkunjo wa kupanda akiuita mlima na wa kushuka bonde, mlima, bonde, mlima, bonde, mpaka ikatosha kiganjani. Kisha akashika pembe mbili zinazokabiliana, akavuta mara moja, na karatasi nzima ikafunguka, urefu na upana kwa pamoja. Alisema kwao wataalamu wanakunja hivyo vitu vya kupelekwa angani. Nikamwambia angani sina shughuli, lakini nina wateja wanaochomwa na jua.

Aliporudi kwao alituachia ile karatasi tu. Tulichukua karibu mwaka mzima kuifanya iwe paa. Karatasi ni nyembamba, unaikunja inavyotaka. Plaiwudi ina unene, na unene huo ndio uliotutesa. Tulipiga mbao bawaba, zikagombana, zikang'oa skrubu. Mwishowe tukatupa bawaba, tukatoboa mbao kingoni na kuzishona juu ya turubai moja kwa uzi wa nta. Hapo tukajua kanuni. Mahali ambapo mbao mbili zitalala uso kwa uso, unaacha nafasi ya turubai tupu kati yake, upana wa unene wa mbao zote mbili. Mahali ambapo mkunjo unakwenda upande wa pili, mbao zinakaribiana. Na pale ambapo pembe nne zinakutana, unakata ncha zake. Ukikosea hapo, paa litafunguka mara moja likupendeze, halafu litakataa kufungwa.

Kwa hiyo sikukasirika kwa sababu ya sifa peke yake. Sifa nilizitaka, sitasema uongo. Lakini mtu aliyechukua umbo bila kuuliza lilivyopatikana anakwenda kuliweka juu ya vichwa vya watoto wachanga.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la Njoroge, mteja wangu wa siku nyingi, aliyekuwa amebeba chumvi ya kwenda Thika. Nilikuwa na sanduku, furushi la turubai, sindano zangu, na kipande cha mbao sita tulichokishona wakati ule, kinachofunguka na kufungwa kama kitabu. Njoroge aliniuliza nakwenda wapi na vyombo vya kazi. Nikamweleza. Akacheka.

"Mama, hiyo hasira itakuwa imekwisha tukifika Emali."

Tulifika Emali saa tano. Haikuwa imekwisha. Kutoka hapo barabara ilikuwa imelika pande zote mbili, malori yakipishana kwa kuviziana, na kila tulipotupwa juu kitini ndivyo nilivyozidi kutunga maneno ya kumwambia huyo Injinia. Nairobi tuliipita saa tisa. Saa kumi na nusu Njoroge akanyoosha mkono kuelekea kwenye mabati yaliyopangana nyuma ya shamba la kahawa. "Hiyo ndiyo Ruiru. Nikusimamishie ukapigane nao saa hii?" Nikamwambia aendelee. Nilitaka kwanza kusikia kwa kinywa cha Barasa.

Thika, jioni. Barasa na mkewe Nekesa walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Kiganjo, safi, na pazia la maua likigawa kitanda na jiko. Nekesa alinipokea mzigo, akaninawisha mikono, akanipakulia ugali na mboga ya mrenda. Barasa, ambaye kwangu alikuwa mtu wa kuimba kazini, alikula akiangalia sahani.

"Ni makosa yangu, Mama," alisema hatimaye. "Nilitengeneza kivuli cha Sunday school kanisani, na mabaki ya katoni. Huyo Injinia alikuja mgeni. Akaniambia, bwana, una akili, nipatie hii model siku mbili nikaionyeshe watu. Nikampa. Nilipofuata, askari wa geti akaniambia hanijui."

"Ulimweleza habari ya unene?"

"Hakuuliza. Hata jina langu hakuuliza."

Nekesa akaingilia kutoka jikoni. "Mimi nilimwambia aache. Hawa watu watampigia simu mkubwa wake kule kiwandani, afutwe. Lakini juzi ameamka akaniambia, Nekesa, nikinyamaza na mtoto wa mtu apondwe, nitakula chakula hapa namna gani?"

Nilimwambia Barasa aombe ruhusa kazini, kesho twende wote.

Jumanne, saa tatu asubuhi, Ruiru. Karakana ile sitaitaja. Ilikuwa na geti la buluu, na ndani samani za shule zikipigwa vanishi. Askari alituzuia nusu saa. Kisha karani, msichana mwenye kucha ndefu, akatuuliza kama tuna appointment. Nikamwambia nimetoka Voi kwa lori la chumvi, na nikikosa appointment nitakaa hapo hapo kizingitini mpaka nipate. Labda ni sauti yangu, maana mlango wa ndani ulifunguka na Injinia mwenyewe akatoka, mtu mnene mwenye heshima zote, akatuagizia chai.

Nitasema haki: alisikiliza. Alikishika kipande changu cha mbao sita, akakifungua, akakifunga, akakirudisha mezani.

"Mama, ni kazi nzuri ya mkono," alisema. "Lakini hii pattern si yako. Ni kitu ya Wajapani. Iko kwa vitabu. Huwezi kusema nimekuibia kitu ya Wajapani."

"Sijasema mkunjo ni wangu," nikamjibu. "Tulifundishwa, na aliyetufundisha ninamtaja kila mahali. Wewe aliyekufundisha ni huyu hapa. Umemtaja wapi?"

Akamtazama Barasa kama anayekumbuka mahali alipoacha mwavuli. "Wewe si ni yule wa kukata maboksi?"

"Ni mimi," Barasa akasema.

"Sasa si uliona vile tumeimprove? Yenu ni ya kushona. Kushona ni ya magunia. Sisi tumeweka bawaba za chuma, heavy duty."

Nikaomba kuiona hiyo kazi yao. Ilikuwa uani nyuma, mbao ishirini na nne zilizopakwa rangi ya kijani, imesimama juu ya nguzo nne za chuma, na bamba la shaba lenye jina la Injinia limepigiliwa mbele. Kwa mbali ilipendeza. Nilipokaribia niliona bawaba zote zimepigwa upande mmoja wa mbao. Zote! Mikunjo ya mlima na mikunjo ya bonde, bawaba upande ule ule, kana kwamba yote inapinda upande mmoja. Na mbao zimebanwa ukingo kwa ukingo, pasipite hata karatasi, na pembe zake kali kama zilivyotoka kwenye msumeno.

"Ikunje," nikasema.

"Hakuna haja ya kuikunja. Wageni waliiona iko sawa."

"Waliiona imefunguliwa. Mimi nataka kuiona ikifungwa."

Wafanyakazi wawili waliokuwa karibu wakatazamana, mmoja akainamia viatu vyake. Nikajua hapo hapo kwamba waliwahi kujaribu. Nikamweleza Injinia yote, unene, nafasi, pembe za kukata, bila kuficha chochote, bure, mbele ya watu wake. Nilimwambia kama hataki turubai, basi angalau ahamishe nusu ya bawaba. Alitazama saa yake.

"Mama, hii ni mambo ya engineering. Alhamisi inaenda Ngoliba. Asante kwa kututembelea." Na chai yenyewe haikufika.

Tukarudi Thika. Nilikuwa nimekwenda kwa mtu na dawa mkononi, na akanifukuza kama niliyekwenda kuomba.

Alhamisi tuliwahi Ngoliba kabla ya saa mbili. Ukitoka Thika upande huo, kahawa na mananasi vinakwisha, nchi inateremka na kukauka, na joto likanikumbusha kwetu. Zahanati ilikuwa nyumba ndogo ya mawe. Banda la kungojea lilikuwa limechukuliwa na mvua, zikabaki nguzo mbili, na akina mama walijibanza varandani na watoto wao wa chanjo, wengine wakijifunika leso juani.

Muuguzi aliyesimamia pale aliitwa Sista Mumbua, Mkamba mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba. Nilimwambia mimi ni nani na nimekuja kwa nini. Alinisikiliza huku akipanga chupa zake.

"Mama, mimi nimeomba kivuli tangu mvua iishe," alisema. "Leo ndio kinakuja, na wewe unaniambia nikikatae. Nionyeshe. Mimi naamini macho."

Nikachukua rejesta zake mbili nene za chanjo, nikazilaza kando kwa kando, zimegusana, na kipande cha leso chini yake. Nikaibandika leso hiyo kwenye majalada kwa plasta yake ya vidonda. "Zifunge sasa, zilale uso kwa uso." Akajaribu. Leso ikavuta, plasta ikabanduka. Nikazitenganisha kwa upana wa unene wa zote mbili, nikabandika tena. Zikafungika bila taabu.

Sista Mumbua alizifungua na kuzifunga mara tatu. "Kumbe," akasema. "Na wao wameweka hivi ya kwanza?"

"Ya kwanza. Na kwa chuma."

Saa nne lori la Injinia likafika, na pikapu yake nyuma. Kibanda cha kukunja kilikuja kikiwa kimefunguliwa skrubu, vipande vitatu. Nilicheka kwa uchungu. Vijana wake wakaviunganisha chini, na Injinia akaanza kuwaita akina mama wasogee, kuna mtu wa kupiga picha.

Sista Mumbua akasimama katikati. "Hakuna mama anatoka hapa varandani. Injinia, mmeniandikia ni ya kukunja. Kunja, fungua, mara tatu. Halafu niweke watoto."

"Sista, mnatupotezea muda."

"Muda ni wa watoto wangu. Kunja."

Wakakunja. Watu wanne walivuta, hakikwenda, wakapanda juu yake wakakikanyaga. Tulisikia skrubu zikilia ndani ya mbao. Nikapiga kelele waache, zinang'oka. Injinia akasema, "Haya, imetosha, imekunjika, fungueni mweke juu." Hakikuwa kimekunjika hata nusu. Wakakifungua, wakakiinua kwenye nguzo, wanne kila upande, na kijana mmoja wa karakana akaingia chini kuelekeza. Niliona ubao wa pembeni unaning'inia kwa bawaba moja. Barasa aliuona kabla yangu. Alikimbia akamsukuma yule mfanyakazi kwa kifua, na ubao ukashuka ukaukuta mkono wake wa kulia umeshika nguzo ya chuma.

Hakulia. Alikaa chini akaushika mkono kama amebeba kitu cha mtu mwingine. Vidole viwili vilikuwa vimepondeka. Sista Mumbua alikuwa amekwishafika na bandeji.

Injinia alisema nini? Haya ndiyo maneno yake, nimeyabeba mpaka Voi na sijayaweka chini: "Nani alimwambia aingie hapo? Huyo si mtu wangu."

Nilimfuata mpaka kwenye pikapu. Sitaandika yote niliyomwambia, maana watoto wanasoma. Nilimwambia yule si mtu wake kweli, na ashukuru Mungu, kwa sababu mtu wake angekuwa amekufa. Alifunga kioo. Kilichomfanya afungue tena ni Sista Mumbua, aliyesimama mbele ya gari na kusema halitoki bila mgonjwa. Ndivyo Barasa alivyopelekwa hospitali Thika, mimi kando yake, na Injinia akiendesha bila kugeuza shingo.

Ijumaa mchana, Kiganjo. Barasa alikuwa amerudi nyumbani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari alisema vidole vitapona lakini havitakunjika tena vizuri. Tulikuwa tunakunywa uji alipofika yule karani wa Ruiru na mwanamume aliyevaa tai. Walikuwa na karatasi. Ilisema Barasa aliingia mahali pa kazi bila ruhusa, aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, na kibanda hakikuwa na kasoro. Mwenye tai akasema kwa upole kwamba akitia sahihi, Injinia anaweza kumfikiria kwa kazi nzuri karakanani.

Nekesa alimtazama mumewe. Niliogopa, na nisingemlaumu. Mtu mwenye mkono mmoja hakatai kazi hivi hivi. Barasa aliisoma karatasi polepole hadi mwisho.

"Mkono wangu wa kuandika ndio huu mlioponda," alisema. "Mwambieni Injinia angoje upone. Ukipona, nitaandika. Lakini nitaandika mimi mwenyewe, si hii."

Mwenye tai akasema anaweza kuweka kidole gumba. Hapo Nekesa akasimama na mwiko wa uji, akawafungulia mlango. Yule karani aligeuka kizingitini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, Mama," nami nikaona kwamba alimaanisha.

Jumamosi nikarudi Ngoliba na furushi langu. Injinia hakuwa amerudi kuchukua mbao zake, na Sista Mumbua alikuwa amezipanga ukutani. "Zimeandikwa ni za zahanati," akasema. "Kwa hivyo ni zangu. Shona." Nilishona siku tatu. Akina mama wawili wa pale, Kalondu na mwenzake Mueni, walitoboa mashimo na kukata pembe kwa msumeno wa jirani, na kufika Jumapili alasiri Kalondu alikuwa anapima nafasi bila kuniuliza. Bawaba tulizijaza kwenye debe. Jumatatu jioni paa lilifunguka kwa watu wawili, likafungwa kwa watu wawili, mara tatu, kisha mara ya nne kwa sababu Sista alitaka kulivuta mwenyewe. Bamba la shaba lilibaki. Sista alisema akiling'oa ataambiwa ameharibu mali ya serikali. Nikaliangalia jina lile juu ya mishono yangu, nikakusanya sindano zangu.

Jumanne, siku nyingine ya kliniki, akina mama walikaa chini ya kivuli na watoto wakalia kwa sindano kama watoto wa kila mahali. Jumatano nilipanda basi la mchana na kufika Voi giza likiingia.

Wengi mmeniuliza mambo yaliishaje. Injinia hakufanywa chochote. Nimeandika barua mbili kwa wakubwa, sijajibiwa. Barasa amehamishwa kutoka kwenye mashine ya kukata, anafagia stoo. Nasikia karakana ile imeombwa kutengeneza vibanda vingine, kwa wilaya nyingine, na sijui kama amehamisha hata bawaba moja.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani ukimweleza mtu msomi hatari, atashtuka. Kumbe mwingine anashtuka tu akionekana mjinga mbele ya wafanyakazi wake. Na nilidhani kazi ikifanya kazi inatosha, haina haja ya kuandikwa. Ndiyo maana sasa nimeandika, vipimo vyote viko ukutani kwa banda langu, aje anayetaka achukue. Lakini vibanda vile vya kijani viko njiani. Kikifika kwenu, mama, kabla hujaweka mtoto chini yake waambie wakikunje mbele yako. Wakisema hakuna haja, mbebe mwanao utoke, heri mkae juani.